Mafuta ya karafuu, mkaratusi na mchaichai nyumbani: kipi kinapakwa, kipi kinanuswa, kipi hakiingii kinywani?

UmmRidhwan

Assalaam alaykum wakuu, na habari za jioni kwa wote.

Nina chupa tatu za mililita 10: mafuta ya karafuu, ya mkaratusi na ya mchaichai. Lebo inataja jina na "asilia 100%" basi, hakuna kipimo wala tahadhari. Nyumbani kuna watu wazima wawili, mmoja anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na mtoto wa miezi 14 ambaye sasa hivi ana mafua.

Mitandaoni kila mtu na lake. Mmoja anasema matone matatu ya mkaratusi kwenye chai, mwingine mpake mtoto unyayoni umvishe soksi, mwingine karafuu ibandikwe jinoni kavukavu. Naomba wanaojua wanitenganishie: kipi kinapakwa na kwa kipimo gani, kipi kinanuswa, kipi hakinyweki kabisa. Na ikitokea mtoto amekunywa, naanza na nini?

Mfamasia wa Zamu

Wa alaykum salaam Umm Ridhwan. Nianze na mtoto, maana wa kusubiri si yeye. Usimpake, usimfukize wala usimnusishe chochote katika hizo chupa tatu.

Sababu ni hii. Sehemu kubwa ya mafuta ya mkaratusi, mara nyingi zaidi ya asilimia 70, ni sineoli, kiini cha ile harufu yake kali. Harufu hiyo ikija kali karibu na pua ya mtoto mdogo, koo linaweza kujibana ghafla na pumzi ikakatika. Mentoli na kafuri nazo zina tabia hiyo hiyo. Hata Vicks VapoRub, ambayo makali yake yameshapunguzwa sana, imeandikwa isitumike kwa aliye chini ya miaka 2. Kumpaka unyayoni hakuondoi tatizo: mtoto wa miezi 14 anatia mguu mdomoni, na mkono uliogusa mguu unaishia jichoni.

Mafua yake mtibu kwa maji ya chumvi puani. Nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu, kwenye robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Matone mawili matatu kila tundu, kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, halafu vuta kamasi kwa kibofu cha mpira. Tengeneza mapya kila siku. Kisha hesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima ukitazama saa. Kwa umri wake, 40 au zaidi kwa dakika ni pumzi za haraka na anatakiwa kuonwa siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au akilegea, usisubiri hata asubuhi.

Sasa watu wazima. Achana na kuhesabu matone: kitonezi cha chupa moja kinatoa matone 20 kwa mililita, cha nyingine 35, kwa hiyo "matone kumi" ya mtu wa mtandaoni si kumi yako. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 1, lisilo na sindano. Kwa kila mililita 100 za mafuta ya nazi, ufuta au alizeti, vipimo vya kupaka mwilini ni hivi:

karafuu: mililita 0.5, isizidi
mchaichai: mililita 0.7, isizidi
mkaratusi: mililita 2, inatosha kabisa kwa kifua na mgongo

Ukiona hicho cha karafuu ni kidogo mno, ni kwa sababu yujenoli, kiini cha karafuu, inaunguza ngozi na inaweza kuifanya ngozi iikatae moja kwa moja. Ngozi ikishajifunza kuikataa, hata dawa ya meno yenye karafuu itakuja kukuwasha. Mdalasini wa magome ndio mkali kuliko yote. Huo usiupake kabisa. Uso usipakwe hata mchanganyiko huu.

Kosa ninaloliona zaidi ni kuchanganya na maji. Mafuta hayayeyuki ndani ya maji. Ukidondosha kwenye beseni la kuogea yanakaa peke yake, na ngozi inakutana nayo yakiwa mazima, mara nyingi sehemu laini zaidi. Kwenye chai ni vile vile: tone linaelea juu, linagusa mdomo na koo bila kuzimuliwa. Kwa hiyo jibu la chai ni hapana. Ukitaka mchaichai wa kunywa, chuma majani, osha, chemsha.

Kabla ya matumizi ya kwanza paka mchanganyiko kiasi cha punje ya mahindi kwenye kiwiko kwa ndani, kaa saa 24 bila kuosha. Ikiwasha au ikiwa nyekundu, futa kwanza kwa mafuta ya kula kisha osha kwa sabuni. Ukianza na maji unayasambaza tu.

Yule wa warfarini asitumie karafuu hata ya jino bila kumweleza anayempima damu. Yujenoli nayo inazuia chembe za damu kugandana. Na angalieni dawa za kuchua misuli: zenye methili salisilati zinapandisha makali ya warfarini kupitia ngozi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya salisilati matupu ni sawa na takriban gramu 7 za aspirini, ndiyo maana hayo hayatakiwi kuonekana nyumbani penye mtoto.

Makonyo

Mfamasia kasema vizuri. Mimi naongeza kilichomo ndani ya chupa, maana watu wengi hawajui wanachonunua.

Hili jina la "mafuta muhimu" wanaloyaita mafuta haya limepotosha watu. Mwili hauyahitaji. Ni mafuta ya kunukia tu, yaliyokenekwa: mvuke unapita kwenye majani au karafuu, unabeba harufu, unapozwa, mafuta yanajitenga na maji. Tofauti na mafuta ya nazi au habasoda ambayo yanakamuliwa, haya ni makali mara nyingi zaidi ya mmea uliotoka. Piga hesabu: karafuu kavu moja ina uzito wa takriban gramu 0.1, na mafuta yake ni kama asilimia 15 hadi 20. Mililita moja ya mafuta ni karafuu 50 hadi 70. Nani anatafuna karafuu 50 kwa mkupuo?

Halafu kuna karafuu na karafuu. Yale ya karafuu yenyewe yana yujenoli kama asilimia 70 hadi 85 na yanabaki na harufu laini. Ya makonyo, yaani vile vikonyo vinavyoshika karafuu, yale yanayokenekwa Wawi pale Pemba kwa wingi, yujenoli yake hupita asilimia 90. Ni bidhaa ya viwanda vya manukato na dawa, yanakwenda huko na kusafishwa. Ya majani ni makali pia na huwa meusi zaidi. Chupa ya dukani ikiandika "karafuu" bila kusema sehemu gani ya mkarafuu, ichukulie kama makonyo.

Kuna kitu cha tatu kinachouzwa sokoni kwa jina lile lile: mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Hayo ni mepesi kabisa, na mtu aliyezoea kujipaka hayo akija kununua ya kukenekwa anajiunguza kwa kuamini ni mamoja. Pima hivi. Dondosha tone kwenye glasi ya maji (glasi ya kioo, si ya plastiki laini, hayo mafuta yanaiyeyusha). Mafuta ya karafuu halisi ni mazito kuliko maji, yanazama. Yakielea, ni ya nazi au yamechanganywa. Pia weka chupa kwenye friji saa moja: ya nazi yataganda. Kipimo cha kuzama hakifai kwa mkaratusi na mchaichai, hayo yote yanaelea. Kwayo tumia karatasi nyeupe. Tone likikauka likaacha doa la grisi linalopenyeza mwanga siku ya pili, kuna mafuta ya kula ndani.

Rangi: mapya ni ya manjano hafifu, yanakuwa kahawia kadiri yanavyokaa, na yakigusana na chuma yanageuka haraka zaidi.

Kibogoyo

Naingilia kwenye jino, eneo langu.

Karafuu inatuliza jino kweli, si hadithi. Yujenoli inazuia mshipa wa fahamu kupeleka maumivu, na mafundi wa meno hadi leo wanaichanganya na oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Lakini inafanya kazi ndani ya tundu. Ukiisugua kwenye fizi unapata kidonda cheupe kinachouma kuliko jino lenyewe. Ni sawa na wanaobandika aspirini kwenye fizi: wanachoma nyama, jino halina habari.

Utaratibu: sukutua maji ya vuguvugu, toa chakula kilichoingia tunduni. Tone 1 la karafuu na matone 4 ya mafuta ya nazi kwenye kijiko. Chovya kipande cha pamba kisichozidi punje ya mchele, kikamue kwenye ukingo wa kijiko hadi kisidondoshe, kishike kwa kibano, kiweke ndani ya tundu. Dakika 5, toa, tema mate, usimeze. Usilale nacho. Mara tatu kwa siku, siku mbili zikiisha uwe umeshapata fundi, kwa sababu kinachouma bado kinaoza chini ya huo ganzi.

Kama hakuna tundu, yaani fizi imevimba au jino linauma ukigonga, karafuu haina pa kuingia. Hapo kuna usaha. Uvimbe wa shavu au chini ya taya, homa, mdomo kushindwa kufunguka, mate kushindwa kumezeka: hiyo ni hospitali usiku huo huo, uvimbe unaweza kushuka shingoni ukaziba hewa.

Mtoto anayeota meno hapakwi karafuu. Mpe kitambaa safi kilicholowa maji baridi atafune.

MbeyaBaridi

Shukrani wakuu. Huku kwetu baridi hii nyungu ndiyo mpango mzima. Je, badala ya kutafuta majani ya mkaratusi naweza kutia mafuta? Na kwenye chetezo pia, kufukuza mbu?

Mfamasia wa Zamu

Mkuu, majani na mafuta si kitu kimoja ndani ya sufuria. Jani linaachia harufu kidogo kidogo kwa muda wote linapochemka. Tone la mafuta juu ya maji ya moto linaruka lote ndani ya dakika ya kwanza, na wewe umefunika kichwa kwa blanketi. Macho yanachoma, kifua cha mwenye pumu kinabana hapo hapo. Kama huna majani, mvuke mtupu unalainisha kamasi vile vile. Ukisisitiza, tone moja kwa lita moja, macho yamefumbwa, na mwenye pumu asiwepo. Na tuelewane: unafungua pua tu. Nyungu haiui virusi.

Ajali kubwa ya nyungu ni maji yenyewe. Sufuria ishushwe, isimame sakafuni penye usawa, si mapajani wala juu ya stuli. Subiri kama dakika 10 baada ya kuepua. Jifukize dakika 5 hadi 10. Mtoto asifukizwe na asiwe chumba hicho, kwa sababu mtu aliyejifunika hamuoni anayekuja kuvuta blanketi. Kamwe usijifunike na jiko la mkaa likiwaka chini. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, na chini ya blanketi inakulaza kabla hujashtuka.

Chetezo: hapana kabisa. Ubani ni utomvu, unafuka moshi. Mafuta ya mkaratusi mvuke wake unashika moto kuanzia kama nyuzi 48 za sentigredi, na kaa la moto lina mamia. Yanalipuka usoni.

Mbu: mchaichai unawafukuza, ila unaruka kwenye ngozi ndani ya saa moja au mbili, na mbu wa malaria anauma usiku kucha. Chandarua kinabaki pale pale. Dawa za kupaka zinazotokana na mkaratusi wenye harufu ya limau zinadumu zaidi kwa sababu kiini chake kimeandaliwa kiwandani, lakini hazipakwi aliye chini ya miaka 3, na mafuta ya kukenekwa ya mti huo huo hayana nguvu hiyo.

Jambo dogo kwa wapenda ndimu: mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda la ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha ukatoka juani, unapata malengelenge na baadaye doa jeusi linalokaa miezi. Kaa mbali na jua kwa muda wa saa 12, au yapakwe usiku tu.

Nesi wa Watoto

Swali la Umm Ridhwan kuhusu mtoto aliyekunywa halijajibiwa, nalo ndilo zito.

Kwanza ukubwa wa jambo. Chupa ya mililita 10 ni vijiko viwili vya chai. Kwa mkaratusi, hata mililita 2 au 3 zimewahi kulegeza watu, na kijiko kimoja kinaweza kumtia mtoto degedege au kumzimisha. Karafuu: mwaka 1993 iliripotiwa Uingereza habari ya mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 hadi 10. Alipoteza fahamu, akapata degedege, damu ikashindwa kuganda, ini likaumia. Alipona, lakini chini ya uangalizi mkubwa. Kafuri ndiyo ya haraka zaidi: gramu 1 imewahi kuua mtoto mdogo, na degedege linaweza kuanza ndani ya dakika 5. Marekani wameweka kikomo cha asilimia 11 kwenye dawa za kupaka tangu miaka ya 1980 kwa sababu hiyo.

Ukimkuta na chupa:

Mtoe chupa, mfute mdomo, ulimi na mikono kwa kitambaa kilicholowa maji. Mvue nguo zilizolowa.

Usimtapishe. Si kwa kidole, si kwa maji ya chumvi. Mafuta haya hutiririka kirahisi, yakirudi juu yanateleza kwenye mapafu, na mapafu yakiungua ni kazi kubwa kuliko sumu yenyewe tumboni.

Usimpe maziwa. Najua kila mama anaambiwa maziwa yanakata sumu. Haya mafuta yanapenda mafuta, na maziwa hayayazuii. Unajaza tumbo tu, na tumbo likijaa anatapika. Mafuta ya kula na mkaa wa jikoni uliosagwa navyo acha.

Ondoka kwenda hospitali na chupa mkononi, hata kama anacheza. Kumbuka saa uliyomkuta na kiasi kilichobaki. Akisinzia mlaze ubavu, kichwa chini kidogo kuliko kiuno. Akipata degedege usimtie kitu mdomoni.

Hospitali taja jina la mafuta, si "mafuta ya dawa" tu. Mkaratusi na kafuri vinajitokeza mapema, dakika chache hadi saa nne hivi: kukohoa, kuyumba kama mlevi, usingizi mzito. Karafuu inadanganya. Anaweza kuonekana kaamka vizuri, kisha ini likaanza kuonyesha baadaye, hata siku ya pili. Kwa hiyo aliyekunywa karafuu apimwe sukari, ini na kuganda kwa damu, na vipimo virudiwe. Madaktari wengine huwapa asetilisisteini, ile ile ya aliyezidisha panadol. Mzazi anayerudishwa nyumbani baada ya saa mbili kwa kuwa mtoto "yuko sawa" aulize kwa heshima kama ini litapimwa tena kesho.

Ikiingia jichoni: maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20, kope zimefunuliwa, kisha kituo cha afya.

Na ole wenu na vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kuzuia nondo, ambavyo watu huviita kafuri. Vingi ni naftalini. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na hali hiyo si ngeni huku kwetu, damu yake inavunjika hata kwa kuvaa nguo zilizokaa navyo.

Makonyo

Nesi, ongeza mwarobaini. Huo haukenekwi, unakamuliwa kwenye mbegu, watu wanadhani kwa hiyo ni salama kama nazi. Kuwanywesha watoto wachanga kumewahi kuwadhuru ini na ubongo. Nje ya ngozi tu, na si kwa mchanga.

UmmRidhwan

Allah awalipe. Mawili ya mwisho: mwenye mimba anaruhusiwa huo mchanganyiko wa mkaratusi? Na chupa nazihifadhi vipi?

Mfamasia wa Zamu

Miezi mitatu ya kwanza aache yote. Baada ya hapo nusu ya kipimo, yaani mililita 1 ya mkaratusi kwa 100 za nazi, kwenye mgongo na miguu, baada ya kumwambia mkunga wake. Karafuu na mchaichai aviache. Mwenye kifafa asiuguse mkaratusi wala kafuri, mjamzito au la.

Chupa: za kioo cheusi au kahawia, zenye kile kizibo cha ndani kinachotoa tone moja moja. Usikitoe hata kikisumbua, ndicho kinachozuia mtoto asigide kwa mkupuo. Usihamishie kwenye chupa ya soda, maji au dawa ya kikohozi. Sumu nyingi za mafuta haya zinaanzia hapo, hata kwa watu wazima usiku gizani. Kabati la juu lenye kufuli, mbali na jiko.

Mchanganyiko wa nazi utumie ndani ya miezi mitatu. Mchaichai uliofunguliwa zaidi ya mwaka usipakwe tena, hewa imeshaubadilisha na unaleta upele. Hayo ya zamani yatumie kudekia, matone machache kwa ndoo yanatosha, na mtoto asitambae hadi sakafu ikauke.

Kibogoyo

Na lile bomba la sindano likishatumika kwa karafuu litupeni. Msije mkampimia mtoto dawa ya homa nalo.